Sauti ya Feni Haipimi Hewa

Katika banda lolote lililoezekwa kwa bati la zamani, jua likishapanda, mwanga hupenya kwenye matundu ya misumari na kushuka hadi sakafuni kama fimbo nyeupe. Ndani ya fimbo hiyo vumbi linaonekana likipanda, likishuka, likizunguka. Hatua moja pembeni, hewa inaonekana safi. Kumbe ni hewa ileile. Upande mmoja jicho limesaidiwa na mwanga, upande wa pili limeachwa peke yake. Wakaguzi wa viwanda wa Uingereza hufanya jambo hilohilo kwa makusudi. Huwasha taa kali nyuma ya mashine, wakasimama upande wa pili kuielekea, na vumbi ambalo halikuonekana hujitokeza kama moshi. Nimeanza na mwanga huo kwa sababu mazungumzo ya leo yanahusu kitu ambacho jicho na sikio haviwezi kukipima, yaani mwendo wa hewa ndani ya mabomba yanayovuta vumbi mahali pa kazi. Hoja yangu ni moja: feni ya kuvuta vumbi isiyopimwa haifai kuhesabiwa kuwa kinga, hata kama iligharimu mamilioni, na hata kama inanguruma kutwa nzima.

Tuichukue Buhongwa. Ukitoka katikati ya Jiji la Mwanza kwa barabara ya Shinyanga unapita Mkuyuni, Nyegezi na Mkolani, kisha unaingia Buhongwa, kabla hujafika Usagara ambako njia zinaachana, moja ya Shinyanga na nyingine ya Kigongo na Geita. Huku ndiko jiji linakopanukia, na jiji linalopanuka linataka milango, vitanda, makabati, kokoto, matofali na unga. Kila kimoja kati ya hivyo kina vumbi lake. Mbao ya paina au mninga ikipigwa msasa wa mashine hutoa unga laini kuliko sembe. Mashine ya kusaga mahindi na ya kukoboa mpunga zina vumbi la nafaka, pumba na maganda. Mawe ya granaiti, hayohayo yaliyoipa Mwanza sifa yake, yana silika, na yakivunjwa au kukatwa yanaiachia silika hiyo hewani. Halafu ipo pamba. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za pamba ya Tanzania hulimwa upande huu wa magharibi, na kabla haijawa nyuzi ni lazima ichambuliwe viwandani, ambako hutoa vumbi la mabua, majani makavu na vijidudu.

Ushahidi wa madhara tunao wa hapahapa nyumbani. Mwaka 1978 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania. Miongoni mwa waliokuwa wakisugua singa kwa mashine, kazi yenye vumbi jingi, karibu nusu walikuwa na dalili za ugonjwa wa kubana kifua unaojulikana zaidi kwa watu wa viwanda vya pamba, ule unaouma zaidi siku mtu anaporudi kazini baada ya mapumziko. Wenzao waliokuwa kwenye kusokota, ambako vumbi ni kidogo, walioathirika walikuwa wachache sana. Mwaka 2002 yakatoka matokeo ya karakana ndogo za mbao nchini, nayo yakaonyesha kuwa mafundi wanaovuta vumbi la mbao wanasumbuliwa na kikohozi na pumzi kuliko watu wasiofanya kazi hiyo. Mwaka 2015 ukachapishwa uchunguzi wa machimbo madogo ya dhahabu mkoani Geita, jirani zetu wa ng'ambo ya ghuba. Waliokuwa wakichoronga mwamba chini ya ardhi walikuwa wanavuta wastani wa miligramu 16.85 za silika katika kila mita ya ujazo ya hewa. Hiyo ni mara 337 ya kiwango ambacho taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani inashauri kisipitwe. Silika huacha makovu kwenye mapafu, na mapafu yenye makovu ya silika huwa mlango wazi wa kifua kikuu. Na mbao zisidharauliwe kwa sababu zinanukia vizuri: tangu mwaka 1995 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani imeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na uwazi ulio nyuma yake.

Kwa nini basi mtu asitegemee macho yake? Kwa sababu vumbi linalofika ndani kabisa ya mapafu ni dogo mno. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita kama 70. Chembe zinazopenya hadi kwenye vifuko vya mwisho vya pumzi ni za mikromita chache tu. Chembe ya mikromita 5 yenye uzito kama wa maji hushuka chini ya milimita moja kwa sekunde. Ikiwa imeachiwa kwenye usawa wa pua ya mtu, inachukua zaidi ya nusu saa kufika sakafuni, na hiyo ni kama hewa imetulia tuli, jambo ambalo karakana haijawahi kuliona. Maranda yanayorundikana chini ya mashine ya kuranda yanachafua viatu. Yanayochafua mapafu bado yanaelea, na fundi aliyekwisha kufagia akaona sakafu inang'aa anayavuta bila habari.

Hapo ndipo mtambo wa kuvuta vumbi unapoingia. Una sehemu chache: mdomo ulio karibu na msumeno au msasa, bomba, chujio ambalo mara nyingi ni mifuko ya kitambaa, feni, na njia ya kutolea hewa. Ni jambo rahisi kulieleza, lakini lina siri moja ambayo wanunuzi wengi hawaambiwi. Kuvuta ni kazi dhaifu kuliko kupuliza. Kibatari unaweza kukizima kwa kupuliza ukiwa umekaa mbali nacho kiasi, lakini jaribu kukizima kwa kuvuta pumzi na utaunguza midomo kabla hakijazimika. Hewa inayopulizwa huenda mbele kama mshale, ilhali inayovutwa huja kutoka kila upande, mbele, pembeni na nyuma. Matokeo yake ni kwamba ukiuweka mdomo wa bomba mbali na vumbi kwa umbali sawa na upana wa mdomo wenyewe, kasi ya hewa hapo hubaki takriban sehemu moja ya kumi ya ile iliyopo mdomoni. Mdomo wa sentimita 15 uliosogezwa nyuma sentimita 15 ili fundi apate nafasi ya kugeuza ubao umepoteza karibu nguvu zake zote pale vumbi linapozaliwa. Mtambo wenye akiba ndogo kiasi hicho hauwezi kuvumilia upungufu mwingine wowote, na upungufu huwa hauchelewi kuja.

Mifuko huziba. Vumbi laini hujaza nyuzi za kitambaa, hewa ikapungua siku hadi siku bila mtu kutambua, kama maji ya bomba yanavyopungua mpaka siku ndoo inapokataa kujaa. Mfuko ukitoboka hali hugeuka: hewa inakwenda vizuri, ila vumbi lote laini linapita kwenye tundu na kurudi bandani. Mkanda wa feni hulegea ukateleza, na kiasi cha hewa hupungua sambamba na mzunguko. Ndani ya bomba, unga wa mbao huhitaji hewa iendayo kama mita 20 kwa sekunde ili usikae njiani. Kasi ikishuka, unga hutua kwenye sehemu zilizolala, bomba linakuwa jembamba, kasi inashuka zaidi, na mwisho bomba zima limekuwa ghala la kuni kavu linalosubiri cheche. Kuna pia kosa la nia njema. Karakana inakua, mwenyewe ananunua mashine ya pili, fundi bomba anatoboa bomba lililopo na kuunga tawi jipya, na feni iliyopimiwa mdomo mmoja sasa inalisha miwili. Kila mmoja unapata pungufu, lakini kwa nje mtambo unaonekana umeongezeka.

Kosa ambalo ningependa kila fundi umeme wa Mwanza alisikie ni hili. Mota ya umeme wa fezi tatu ikiungua, ikapelekwa kusukwa na kurudishwa, nyaya mbili zikibadilishana nafasi inazunguka kinyume. Kwenye pampu au kwenye kinu, kosa hilo mtu huliona mara moja. Kwenye feni ya kuvuta vumbi yenye kasha la umbo la konokono halionekani, kwa sababu hewa haigeuzi njia. Inaendelea kuingia palepale na kutoka palepale, isipokuwa kiasi chake kimepungua mno. Feni inanguruma, bomba linatikisika, karatasi ukiisogeza mdomoni inavutwa kidogo. Kila dalili ambayo watu huitumia kuamini kwamba mtambo unafanya kazi ipo mahali pake. Karakana inaweza kukaa hivyo mwaka mzima, watu wakifanya kazi kwa ujasiri zaidi kuliko wangekuwa hawana feni kabisa, kwa kuwa wanaamini wamekingwa.

Sasa tuje kwenye kupima, na hapa nina habari njema kwa mtu yeyote aliyewahi kuona nyumba ikijengwa. Fundi mwashi anapotaka kujua kama pembe mbili za msingi ziko usawa mmoja, huchukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, akaujaza maji, akashika ncha moja huku na msaidizi wake akashika nyingine kule. Maji hukaa usawa mmoja pande zote mbili kwa kuwa hewa inayakandamiza sawasawa. Chukua mpira huohuo, mita moja na kitu, uukunje kwenye ubao uwe na umbo la herufi U, utie maji hadi nusu. Ncha moja iache wazi. Ya pili iunganishe na tundu dogo lililotobolewa kwenye bomba la kuvuta, nyuma kidogo ya mdomo. Feni ikiwashwa, mvuto wa ndani ya bomba unayapandisha maji upande mmoja na kuyashusha upande wa pili. Tofauti ya vimo hivyo viwili, ukiipima kwa rula kwa milimita, ndiyo kipimo cha mvuto. Wataalamu hukiita manomita, na zipo za kununua zenye vioo na namba nzuri. Lakini maji hayajui bei ya kioo, na mpira wa mwashi unasema ukweli uleule.

Kipimo hicho kinataka kusomwa kwa akili, kwa sababu mvuto na kiasi cha hewa haviendi bega kwa bega. Kiasi cha hewa hufuata kipeuo cha pili cha mvuto. Tuseme siku mtambo ulipofungwa, ukiwa mpya na mifuko ikiwa safi, maji yalitofautiana milimita 60. Leo ukikuta milimita 30 usidhani nusu ya hewa imepotea. Hewa imebaki karibu asilimia 70. Ukikuta milimita 15, yaani robo, hapo ndipo hewa imefika nusu. Halafu kuna mtego: kitambaa au kipande cha ubao kikinasa mdomoni kwenyewe, maji hupanda zaidi ya 60 huku hewa ikipungua, kwa kuwa feni inavuta kwa nguvu mahali palipozibwa. Kwa hiyo alama ya siku ya kwanza ichorwe kwa rangi isiyofutika kwenye ubao, na maji yakienda mbali na alama hiyo, juu au chini, kazi isimame mpaka sababu ijulikane. Mpira wa pili uwekwe kwenye chujio, ncha moja kabla ya mifuko na nyingine baada yake. Huko tofauti ikipanda polepole, mifuko inaziba. Ikishuka ghafla bila mtu kuisafisha, kuna mfuko uliochanika. Na ile feni inayozunguka kinyume, ambayo sikio liliipokea kama nzima, mpira utaiumbua asubuhi hiyohiyo ilipounganishwa.

Mashine za kusaga nafaka zinastahili neno lao, kwa sababu karibu zote tayari zinatumia hewa. Kinu cha nyundo husaga, feni inauchukua unga na kuupeleka juu kwenye saikloni, chombo kinachotenganisha unga na hewa, unga unashuka kwenye gunia na hewa inatokea kwenye mfuko mrefu wa kitambaa. Ule weupe unaowapaka ukuta, dari na nyusi watu waliopo ni unga ulioshindwa kushuka, mara nyingi kwa sababu mfuko umeziba na hewa imetafuta mipenyo mingine. Mteja aliyeleta debe lake la mahindi anabaki na unga pungufu, msagishaji anabaki na pumu, na mwenye mashine anaungojea moto. Unga mkavu unaoelea hewani kwa wingi hulipuka ukikutana na cheche. Mwaka 1878 kinu kikubwa cha ngano huko Minneapolis, Marekani, kililipuka na kuua watu 18. Vinu vyetu ni vidogo na viko wazi zaidi, lakini tabia ya unga ni ileile. Kwenye kinu, mpira wa maji unalinda mapafu na kipimo cha mteja kwa wakati mmoja, na ningeshangaa kumwona mwenye mashine anayepuuza la pili.

Wapo watakaosema fundi mzoefu hahitaji mpira wala rula, sikio lake linamtosha. Ninaheshimu sikio la fundi. Linasikia beringi inayoelekea kufa kabla haijafa, na linajua msumeno butu kwa mlio wake. Lakini sikio linasikia mabadiliko ya ghafla, na mfuko unaziba kidogo kidogo kwa wiki tatu. Tena feni iliyobanwa, ambayo haipitishi hewa, mara nyingi hufanya kazi nyepesi zaidi, kwa sababu haina hewa ya kubeba; mota inavuta umeme mdogo na mlio unatulia. Mtu anayesikiliza ataridhika pale hasa alipotakiwa kushtuka. Hata dereva mzoefu wa lori la Isaka, anayejua injini yake kwa mlio, haendeshi na geji ya oili iliyokufa.

Wengine watasema Mwanza kuna upepo wa ziwa, fungua milango miwili ya banda na vumbi litajiondokea. Upepo upo, na mchana unasaidia kupunguza joto. Tatizo ni kwamba mdomo wa kuvuta hukamata vumbi linaloelea kwa hewa inayokwenda nusu mita hadi mita moja kwa sekunde, na upepo unaotikisa majani ya mti unakwenda kasi kuliko hiyo. Upepo unaopita kati ya mashine na mdomo unalipokonya vumbi kabla halijaingia bombani, ukalieneza kwa kila aliyemo bandani, kisha ukalipeleka kwa mama lishe aliyeinjika chungu chake upande wa pili wa barabara. Mahali penye feni ya kuvuta, upepo unatakiwa kuzuiwa kwa ukuta au pazia zito karibu na mashine, na kama umezuiwa vya kutosha au la, jibu linapatikana kwa kufukiza moshi mdogo pale msumeno unapokata na kuangalia unaelekea wapi. Udi unatosha kwa kazi hiyo, ila uwashwe wakati mashine zimezimwa, banda limefagiwa na hakuna vumbi linaloelea.

Kuhusu barakoa nitasema kwa ufupi. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia maranda na kuruhusu chembe ndogo. Barakoa ya kweli ya vumbi huzuia chembe hizo ikiwa imebana uso vizuri, na katika joto la saa nane mchana, chini ya bati, hakuna mtu anayeivumilia ikibana vizuri kwa muda mrefu. Ivaliwe, hasa wakati wa kusafisha mifuko, kazi ambayo ni chafu kuliko zote. Lakini inamkinga aliyeivaa peke yake, na ni kinga ya mwisho baada ya nyingine zote.

Pingamizi zito zaidi ni hili: karakana nyingi za Buhongwa, na za Tanzania nzima, hazina mtambo wowote wa kuvuta vumbi, sasa kuhubiri vipimo si sawa na kumfundisha mtu kusoma saa ambayo hana? Ninakubali nusu ya pingamizi hilo. Ni kweli wengi hawana. Ndiyo sababu wakati wa kuyasema haya ni sasa, kabla hawajanunua. Karakana zinazokua zitanunua mitambo katika miaka michache ijayo, mingi ikiwa ya mitumba au ya kutengenezwa na mafundi wetu wa vyuma, na mtengenezaji akijua kwamba mteja atauliza maji yanasimama wapi feni ikiwashwa, atafikiria upana wa bomba na ukubwa wa feni kabla hajakata bati. Asipoulizwa atauza kelele. Vyuo vya ufundi vya VETA na mafundi waliolelewa na SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 mahususi kwa viwanda vidogo, wanaweza kuufunga mpira huo pamoja na mtambo wenyewe, kama pikipiki inavyouzwa na kioo chake cha kutazama nyuma. Na kwa ambaye bado hana uwezo, kuna njia nyingine za kupunguza vumbi kwenye chanzo, maji yakiwa ya kwanza kwa anayekata au kuchoronga mawe.

Gharama hutajwa kila mara, na si hapa kwetu tu. Mwaka 1978 Marekani ilitunga kanuni ya vumbi la pamba. Iliweka kiwango cha vumbi, na pia ikaagiza kwamba kiwanda kinachotegemea mitambo ya hewa kiwe kinapima, kwa vipindi vinavyofaa, kasi ya hewa inayokamata vumbi, kasi ndani ya bomba au mvuto wa bomba. Wenye viwanda walikwenda mahakamani wakidai kwamba gharama lazima ilinganishwe na faida kwanza. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliwakatalia: Bunge lilikwisha kuiweka afya ya mfanyakazi mbele ya hesabu hizo, mradi tu jambo linaloagizwa liwezekane. Viwanda vikabadilisha mitambo, ugonjwa wa kubana kifua ukapungua sana katika miaka iliyofuata, na mashine mpya zikatoa nyuzi kwa kasi kuliko za zamani. Sisi tunaolima pamba na kuichambua tunaweza kuanzia pale wao walipofika, badala ya kurudia safari yao ya miaka mingi ya makohozi.

Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, imeweka jukumu la usalama mabegani mwa mwajiri, na wakala wa serikali, OSHA, una mamlaka ya kukagua. Kuna wanaoona kwamba hilo linatosha: mkaguzi akija ataona. Mkaguzi anaona siku aliyokuja, lakini mfuko unaziba siku zote nyingine. Uingereza inataka kila mtambo wa kuvuta vumbi ukaguliwe kwa kina na mtu mwenye ujuzi angalau mara moja katika miezi 14, lakini ukaguzi huo haumwondolei mwajiri kazi ya kuuangalia mtambo wake kila siku na kila wiki. Ukaguzi wa mwaka unamhitaji mtaalamu mwenye mrija wa Pitot, wa kupimia kasi ya hewa, na hesabu zake. Wa kila siku unamhitaji mtu aliyepo.

Na mtu huyo awe na daftari. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, na magonjwa yatokanayo na kazi ni sehemu ya yale unayoyafidia. Ajali ina mashahidi na damu. Ugonjwa wa vumbi unakuja baada ya miaka 10, 20, hata 30, wakati karakana imehama, mwenyewe amebadilika, na fundi anahangaika kueleza katika hospitali ya Bugando alifanya kazi gani na wapi. Daftari la kurasa 200 lenye tarehe, saa, milimita na sahihi ya aliyesoma linaweza kuwa ushahidi pekee uliobaki. Linamlinda fundi, na linamlinda pia mwajiri mwaminifu ambaye mtambo wake ulikuwa ukivuta vizuri miaka yote. Mwajiri anayekataa daftari hilo anatakiwa aulizwe anachokiogopa.

Nani asome? Mimi nasema ni yule anayesimama kwenye mashine, na asome kabla hajaanza kukata. Mpira ufungwe mahali anapouona bila kuinama wala kupanda ngazi, karibu na swichi, maji yatiwe rangi ya chakula ili alama ionekane hata kwenye mwanga hafifu. Maji yakiwa nje ya alama, awe na ruhusa iliyoandikwa ya kuzima bila kumsubiri bosi aliyekwenda mjini. Ruhusa ya mdomo huyeyuka siku oda ikiwa ya haraka. Jumamosi jioni, feni ikiwa imezimwa, maji yaangaliwe kama yamerudi usawa mmoja pande zote mbili, na yaliyokauka yaongezwe, hasa miezi ya kiangazi, maana chini ya bati la Buhongwa hukauka upesi.